Tenganisheni dogi zenu: niliyowaambia mafundi kuhusu msumeno wa reli na meza ya matundu

Mafundi wenzangu, wazee wa kazi, na nyie vijana mlioshika msumeno juzi tu, habari zenu. Nimeombwa niongee kuhusu kukata kwa msumeno wa reli, ule msumeno wa umeme unaoteleza juu ya reli iliyonyooka, juu ya meza yenye matundu na dogi, yaani vigingi vinavyoingia kwenye hayo matundu, na nimefurahi kuombwa kwa sababu hiki kitu nakipenda kweli, kimenibadilishia kazi yangu, kwa hiyo nitaongea vile naongea karakana, mkono ukiwa kwenye mbao, na nikienda haraka mnisimamishe.

Nianze na kilichonifikisha huku. Miaka ya nyuma nilitengeneza kabati kubwa la nguo, milango 6, plaiwudi nzuri kabisa ya milimita 18, msumeno wa reli mpya, bledi mpya, reli imenyooka. Nilikuwa nakata hivi: napima upande wa juu naweka alama ya penseli, napima chini naweka alama, nalaza reli kwenye alama mbili, nabana klampu, nakata. Mlango una mikato 4, milango 6, hiyo ni mikato 24 na alama 48. Na penseli ikishatumika kidogo mstari wake unanenepa, na jicho saa ingine linaiweka reli ndani ya mstari na saa ingine nje ya mstari, na mimi wala sijui limeweka wapi. Siku ya kufunga milango, miwili ikakataa. Juu kuna upenyo wa milimita 2, chini 4, na mwenye kabati amesimama pale pale ananiangalia. Nikaanza kuhangaika na bawaba, nalegeza hii nakaza ile, lakini jamani bawaba inasogeza mlango, hainyooshi mlango ambao haukukatwa skwea, yaani kwa pembe ya nyuzi 90. Niliirudisha ile milango karakana nikakata mingine kwa plaiwudi niliyonunua upya.

Usiku ule nililala vibaya. Nilikuwa nimeshausingizia msumeno, nimeisingizia reli, nikazipima zote mbili na zote ziko sawa. Kumbe shida ni kwamba pembe ileile moja ya nyuzi 90 nilikuwa naitafuta upya mara 24, na mtu akitafuta kitu mara 24 kuna mara atakikosa tu. Pembe unatakiwa uitafute mara moja, kwa utulivu, siku ambayo huna haraka na mteja hajakupigia simu, uitoboe kwenye meza, halafu kila ukikata unakuta iko pale inakusubiri. Hilo ndo nililokuja kusema leo, na mengine yote ni maelezo ya jinsi ya kuitoboa isiharibike na jinsi ya kuitumia bila kuiharibu.

Dogi yenyewe ni kigingi tu. Cha chuma, cha alumini, cha plastiki, hata cha mbao ngumu, mwili wake unazama kwenye tundu la meza na kichwa kinabaki juu. Maseremala wa Ulaya wamekuwa navyo karne nyingi, vingi vya zamani vilikuwa vya mraba, na kazi yake ilikuwa kushika ubao usikimbie wakati wa kupiga randa, kigingi kimoja mezani kingine kwenye jiliwa, ubao katikati. Hapa tunaipa dogi kazi nyingine kabisa. Hatutaki ishike, tunataka ionyeshe mstari.

Angalieni hii meza. Matundu yamepangwa kwa safu, kulala na kusimama, kama daftari la hesabu. Nikichukua dogi 2 fupi nikazitia kwenye safu ya kulala, ubao ukiegemea hapo ukingo wake umeshika mstari wa safu. Nikichukua dogi 2 ndefu nikazitia kwenye safu ya kusimama, reli ikiegemea hapo nayo imeshika mstari wake. Kama safu zimetobolewa skwea basi reli iko skwea na ubao, umemaliza, hakuna penseli, hakuna kuinama kupepesa jicho moja. Unabana, unakata. Ubao unaofuata unaegemeza palepale, unakata. Wa 10 unatoka kama wa kwanza.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu watu wananunua meza nzuri na dogi nzuri alafu wanakuja kulalamika kwangu kwamba mkato hauko skwea, na nikienda kuangalia nakuta kitu kilekile kila mara. Dogi zao ziko jirani. Matundu mawili yaliyofuatana, kwa sababu ubao ulikuwa mdogo, au kwa sababu hapo ndo mkono ulipofikia kwanza.

Tufanye hesabu kidogo. Kwenye meza za aina hii matundu mengi yana milimita 96 kutoka kati hadi kati. Chukua chenga moja ya mbao, chenga nyembamba ya milimita 0.2, huwezi hata kuiona vizuri, ikae kati ya dogi moja na ubao wako. Kama dogi zako zimeachana milimita 96 basi ubao umepinda 0.2 katika kila 96, na ubao ukiwa na urefu wa milimita 600 kosa mwishoni ni 1.25. Milimita moja na robo kutoka kwenye chenga usiyoiona! Sasa hamisha dogi moja, ipeleke matundu 6 mbali, zimeachana 576. Chenga ni ileile, meza ileile, fundi yuleyule, kosa kwenye ule ubao wa 600 ni kama 0.2 tu. Hujanunua chochote, umehamisha kigingi.

Na sio chenga tu. Dogi inayocheza kidogo kwenye tundu, tundu lililoliwa ukingo, ubao wenye kinundu, yote yanafuata hesabu hiyohiyo. Umbali kati ya dogi unagawanya makosa. Kwa hiyo mimi nina mazoea, hata kabla sijauangalia ubao naweka dogi mbali kadiri meza inavyoruhusu, alafu ndo najiuliza kama kuna sababu ya kuzisogeza.

Mtu ataniambia, fundi ubao wangu una urefu wa milimita 250, hauzifikii dogi zote mbili. Sawa. Hapo unatafuta kipande kirefu kilichonyooka kweli, profaili ya alumini ni nzuri sana kwa hili, au mkanda wa plaiwudi uliokatwa na reli yenyewe, unakiegemeza kwenye dogi za mbali, unakibana, na ubao mdogo unaegemea kwenye hicho kipande. Kipande kinachukua unyoofu kutoka mbali kinauleta karibu. Lakini kikague, kama kina tumbo katikati basi umeleta tumbo.

Haya, matundu. Yanatobolewaje, na ya kipimo gani.

Kuna familia mbili za vipimo. Kuna milimita 20, ambayo ndo kampuni ya Festool waliyotumia kwenye meza yao ya matundu inayoitwa MFT, na watu wengi wakafuata, na zile 96 za kati ya matundu zimetoka kwenye hesabu ya 32 ya makabati, ambapo matundu ya kabati yanaachana milimita 32, 32 mara 3, kwa hiyo kama unatengeneza makabati ya mfumo wa 32 meza inaongea lugha moja na kazi yako. Na kuna robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 na nukta kidogo, ambayo ni ya meza nyingi za kienyeji za useremala kwa nchi zinazotumia inchi. Zote ni nzuri, chagua moja ubaki nayo. Usichanganye. Dogi ya 19 kwenye tundu la 20 inacheza karibu milimita nzima, na nimeona mtu akizungushia tepu ili ikae, ikakaa siku mbili. Kabla ya kununua dogi toboa tundu la majaribio kwenye kipande cha mabaki, ipeleke dogi mkononi uisikie, inatakiwa iingie kwa kidole na isitikisike.

Kuhusu kutoboa kwenyewe. Njia rahisi kuliko zote ni kumpelekea mtu mwenye mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, ubao wako wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, akutobolee, inatoka skwea kuliko mkono wowote, na sioni aibu yoyote kwenye hilo. Njia ya pili ni jigi ya kutobolea, yaani kifaa cha kuongoza biti. Kuna seremala wa Uingereza anaitwa Peter Parfitt alibuni mfumo wake unaitwa Parf Guide, nauheshimu sana kwa sababu umejengwa juu ya ile kanuni ya pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo waashi wamekuwa wakiitumia tangu enzi na enzi: rula mbili ndefu zenye vitundu vidogo, pini, unachora pembetatu kubwa, unatoboa vitundu vya milimita 3 kwanza kila mahali, alafu ndo unakuja na biti ya 20 inayoongozwa na kitundu. Mtu wa kawaida mwenye keekee ya mkono anapata meza ya maana kabisa. Njia ya tatu ni ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kwa biti inayozunguka, na templeti, unatoboa tundu, unatia dogi ili kushika templeti, unasogea kwenye tundu linalofuata. Hii ya tatu inafanya kazi ila ina tabia ya kubeba kosa, ukikosea kidogo pembeni tundu la 2 linakosea, la 3 linaongezea, ukifika la 10 safu imeshapinda kama mkia. Ukiitumia anza na ubao mrefu ulionyooka kama ukuta, templeti iutelezee huo ubao, isitegemee tundu lililopita peke yake.

Biti ya mkono bila muongozo, hapana. Naomba msijaribu. Biti ya 20 inavuta pale inapotaka, inalala upande, na tundu lililolala linafanya dogi isimame kama mlevi, chini ya kichwa ni kipimo kimoja na juu ni kingine.

Ubao wa mezani mimi natumia MDF ya milimita 18 hadi 25. Mbao halisi ni nzuri kuangalia lakini inatanuka na kusinyaa upande unaokata nyuzi, na upande wa nyuzi haisogei karibu kabisa, kwa hiyo tundu la duara linageuka yai polepole na nafasi za safu moja zinabadilika na majira. MDF haina nyuzi. Ina adui mmoja, maji, kwa hiyo ipake vanishi pande zote mbili, juu na chini, ukipaka juu tu itajikunja. Na vanishi isiingie ndani ya matundu ikaganda, maana ukishapunguza tundu dogi haitaingia na ukilichonga kwa msasa umeharibu kila kitu. Ukingo wa juu wa tundu uchonge kidogo uwe mshazari, milimita 1 inatosha, dogi inaingia vizuri na MDF haivimbi pale juu.

Umemaliza kutoboa, unataka kujua ni skwea au sio skwea. Watu wanakimbilia tepu. Hesabu nafasi 6 za matundu huku na 8 kule, 576 na 768, mshazari unatakiwa uwe 960. Ni kipimo kizuri cha kuanzia lakini sikiliza, ukikosea kusoma tepu kwa milimita 1 kwenye ule mshazari, umekosa pembe kiasi cha milimita 1.3 kwenye ubao wa 600. Tepu haitoshi. Ni ya kukuambia tu kwamba hukuchanganyikiwa kabisa.

Kipimo cha kweli ni mikato 5. Najua wengine mnakijua, wanaokijua wavumilie kidogo kwa sababu nataka kila mtu aondoke nacho. Chukua ubao wa MDF wa mraba, 600 kwa 600 hivi. Egemeza upande mmoja kwenye dogi fupi, kata upande unaokaa chini ya reli, hiyo ni 1. Sasa zungusha ubao, ule upande ulioukata sasa hivi ndo unaegemea dogi, kata, hiyo ni 2. Zungusha tena hivyohivyo, 3, zungusha, 4. Umerudi ulipoanzia. Zungusha mara ya mwisho, kata ya 5, lakini hii ya 5 hakikisha inatoa mkanda wenye upana wa kama sentimita 2 na nusu, na ule mkanda usiutupe! Andika A kwenye ncha moja na B kwenye ncha nyingine kabla hujausogeza, maana ukishaugeuza umepoteza habari. Pima upana pale A na upana pale B kwa kalipa, kile kipimo cha kubana kinachosoma sehemu ndogo za milimita.

Kwa nini huu mkanda una maana? Kwa sababu kila ulipozungusha, kosa la pembe lilijiongeza juu ya lililopita, mara 4, na lote limekusanyika kwenye huo mkanda. Kosa ambalo skwea ya mkononi isingeonyesha sasa limekuzwa mara 4 na liko mkononi mwako. Tuseme A ni 25.4 na B ni 24.6. Tofauti ni 0.8. Gawa kwa 4, unapata 0.2, na hiyo ndo meza yako inakosea kwa kila mkato wa urefu wa ule mkanda, kama milimita 600. Kwa makabati, 0.2 kwenye 600 nakubali na nalala usingizi. Ikiwa 0.5 sikubali.

Ukikuta kosa, usikimbilie kutoboa meza nyingine. Kwanza futa kila kitu, toa dogi zote, puliza matundu, rudia. Nusu ya mara linaondoka. Likibaki, zungusha dogi kwenye matundu yake, zingine sio duara kamili. Likibaki bado, hamia kwenye matundu mengine ya safu ileile upime tena, maana inawezekana tundu moja tu ndo baya, na hilo ukilijua unalizungushia kalamu nyekundu hulitumii tena. Na kama meza nzima imepinda kwa 0.2 na dogi zako zimeachana kama 576, unaweza kubandika tepu ya karatasi kwenye dogi moja tu, upime unene wa tepu kwa kalipa, tabaka moja au mawili, ukanyoosha. Mimi nilifanya kazi na meza ya hivyo karibu mwaka mzima na milango ilitoka vizuri.

Dada pale nyuma ameuliza kama haya yote yanahitaji reli ya kampuni fulani. Hapana. Festool, Makita, DeWalt, yoyote ile, reli ni reli. Kinachotofautiana ni mifereji ya chini na ukingo wa nyuma, kwa hiyo zile dogi zinazojifunga kwenye mfereji wa reli kwa skrubu lazima uangalie zinaendana na reli yako, lakini dogi ndefu za kawaida zinaegemea ukingo wa nyuma wa reli yoyote. Ni hivi tu, kila reli ina upana wake, kwa hiyo mstari wa mkato kutoka kwenye dogi ni wa hiyo reli yako, upime mara moja uuandike kwenye meza.

Na hapo kwenye urefu wa dogi kuna jambo. Dogi za ubao ziwe fupi kuliko ubao. Ubao wa 18, dogi isimame 12 au 13 juu ya meza, vinginevyo reli itapanda juu ya kichwa cha dogi badala ya kulala kwenye ubao na utakata ukiwa umeinama bila kujua. Dogi za reli ni kinyume chake, lazima zipite unene wa ubao ili ziifikie reli, lakini zisipite sana, kwa sababu mota ya msumeno na bomba la vumbi vinapita juu ya reli na vitagonga. Kabla ya kukata, msumeno ukiwa umezimwa, utelezeshe kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Kila mara. Inachukua sekunde 5. Nimeshaona bomba likinasa kwenye kichwa cha dogi katikati ya mkato, mtu akavuta kwa nguvu, reli ikahama, na ubao wa gharama ukaisha hapo.

Wapo wanaoweka dogi ndefu upande wa bledi ili kupanga reli, wanabana klampu, alafu wanazitoa. Ni sawa ila lazima uzitoe, na mimi nazihesabu kwa sauti ninapozitoa, moja, mbili. Bledi ya milimita 160 au 165 yenye meno ya kabaidi ikikutana na dogi ya chuma, meno yanavunjika na yanaruka. Ndo maana dogi yoyote inayokaa karibu na njia ya bledi kwangu ni ya mbao au plastiki.

Kina cha bledi: unene wa ubao, ongeza unene wa reli, ongeza milimita 2 au 3. Reli yangu ina kama 5, kwa hiyo ubao wa 18 naweka 25 au 26. Misumeno mingine kipimo chake kimeshahesabu reli, mingine hakijahesabu, jaribu kwenye mabaki ujue wa kwako. Meza itapata mikwaruzo, hiyo ni kawaida, ila ukiona mikwaruzo yako ina kina cha sentimita unaila meza bure na bledi inafanya kazi ya ziada. Wengine wanalaza ubao mwembamba wa kutupa juu ya meza, ni vizuri kabisa, lakini basi utoboe matundu palepale na kumbuka dogi zote sasa zimepungua urefu.

Reli inataka kulala. Hili linasahaulika sana. Ukikata ubao mpana reli imelala vizuri, ukikata mkanda mwembamba, tuseme milimita 60, upande mmoja wa reli uko hewani na ukiweka uzito wa msumeno inainama, mkato unatoka na mteremko, na mbaya zaidi msumeno unaweza kujibana na kuruka nyuma. Tafuta kipande cha unene uleule, kutoka kwenye ubao uleule kama unaweza, kilaze nyuma chini ya reli. Mimi nina vipande vyangu vimeandikwa 12, 15, 18, vinaning'inia ukutani pembeni ya meza. Na reli ibanwe, ule mpira wa chini unasaidia lakini mpira wenye vumbi ni kama soksi kwenye sakafu iliyong'aa.

Kukata vipande vingi vya urefu mmoja ndo raha ya meza hii. Dogi ya tatu, au kipande kilichobanwa, unakiweka kwenye ncha ya ubao kama kizuizi, na hapo umemaliza kupima kwa siku hiyo. Ila kizuizi kisimamishe ubao upande ambao hauwi mtego, yaani kipande kinachokatika kisibanwe kati ya bledi na kizuizi na kipande kilicho huru kiwe na nafasi ya kusogea. Na acha kauwazi kadogo chini ya kizuizi, vumbi lipite, maana tumeshaona chenga ya 0.2 inafanya nini.

Pembe nyingine mnazipata bure kwenye safu hizohizo. Tundu moja huku na moja kule ni nyuzi 45. Moja kwa mbili inatoa 26.6, tatu kwa nne inatoa 36.9. Nyuzi 30 na 60 haziko kwenye safu za mraba, hizo zinahitaji matundu ya ziada yaliyopangwa kipekee, na kwenye mfumo wa Parf yanaweza kuwekwa. Mimi sijatoboa ya kwangu, sina kazi nyingi za hivyo, na kila tundu la ziada ni mahali pengine pa kuingiza dogi kimakosa.

Vumbi. Sitaki kupita haraka hapa ingawa mnaangalia saa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, sio vinavyoshukiwa, vinavyosababisha. Na vumbi la MDF ni laini kama unga, linaelea muda mrefu baada ya wewe kuzima. Unganisha bomba la kifyonza kwenye msumeno, vaa barakoa ya maana, sio kitambaa, na miwani na vizibo vya masikio. Nina wenzangu wa rika langu ambao pua zao hazinusi tena. Nawapenda, na sitaki nyie mfike hapo. Vilevile chomoa waya kabla ya kubadilisha bledi, hata kama ni sekunde moja.

Mzee ameuliza swali zuri, anasema yeye bado anatumia randa na patasi, meza yake ya zamani ina matundu machache mbele tu karibu na jiliwa, je aitoboe yote? Mzee wangu, hiyo usiitoboe. Chukua ubao wa MDF wa pembeni, 1200 kwa 700 au ule utakaoweza kuubeba peke yako, utoboe safu zako huo, chini yake pigilia vipande viwili vishike ukingo wa meza yako, unaulaza siku ya kukata na siku ya randa unausimamisha ukutani. Hakikisha tu meza ya chini iko tambarare, weka rula ndefu kwa mshazari kote kuwili uangalie mwanga, kwa sababu ubao mwembamba unafuata mgongo wa aliyeubeba.

Na kijana hapa mbele ameuliza aanze na dogi ngapi. Anza na 4 tu, fupi 2 na ndefu 2, zilizo sawasawa kabisa kwa unene, uzipime zote kwa kalipa dukani kabla hujalipa. Ukizoea utajua mwenyewe unahitaji ipi ya tano.

Nimeleta ule ubao wa 600 nilioutaja, bado haujaguswa, na meza hii niliyokuta hapa sijawahi kuipima, kwa hiyo sijui kama iko skwea, kama nyie msivyojua. Nani ana kalipa? Haya njoo wewe, weka dogi zako matundu 6 mbali, futa kwanza na brashi, na mwingine ashike kalamu aandike A na B. Vaeni miwani, tunawasha.